Waliorudi Kundini

Kariakoo,
10 Septemba 2024

Mwanangu Evelyn,

Bwana asifiwe. Marahaba. Najua ungeniamkia.

Nilitamka mbele ya mama yako kwamba sitaki kusikia sauti yako mpaka utengue maneno yale. Kuhusu mwandiko wako sikusema kitu. Nimeizunguka kauli yangu mwezi mzima nikitafuta pa kutokea, na hapa ndipo nilipopaona. Twaha wa duka la kanzu, ubavuni kwangu, anavuka Magogoni kila jioni kurudi kwake Kigamboni, na kwake si mbali na shule yako. Yeye ndiye atakuwa posta yetu. Nilimweleza kisa chote mwenyewe, asije akakisikia kwa wapagazi kikiwa kimeshanenepa. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Mangi, Adamu huyo huyo hata sisi tunaye. Hapo kwenye nyani, msikiti na kanisa ni duka moja." Nimemwomba asinisaidie.

Sasa sikiliza. Siku za kazi unafundisha baiolojia kidato cha nne katika shule ya serikali, na huko unasema mtu ametokana na viumbe vya kale, kidogo kidogo. Sawa. Serikali imeandika, wewe unasoma. Jumapili ulikuwa unafundisha vijana wa usharika wetu Mwanzo sura ya kwanza. Sawa pia. Mimi mwenyewe nauza zipu na vifungo katika duka moja, na havijawahi kugombana. Kosa ni lile la Agosti. Binti anayesoma shuleni kwako na kusali kwetu alinyoosha mkono akakuuliza, "Mwalimu, Jumatano ulisema vile na leo unasema hivi. Ipi ni kweli?"

Mwanangu, kila mtu mzima analijua jibu la swali kama hilo. Jibu ni, "Tusimame tuimbe." Wewe ukajibu swali.

Baraza la wazee likakuweka nje ya Meza ya Bwana mpaka utubu. Nami nilikuwamo barazani. Wenzangu waliponyoosha mikono, wangu haukubaki chini, kwa maana mkono wa mzee wa kanisa hauna kawaida ya kukaa peke yake.

Jambo lenyewe ni hili. Harusi yako na Anaeli ni Desemba tarehe saba. Matangazo ya ndoa ni Jumapili tatu, na aliye nje ya Meza hatangazwi. Asipotangazwa hafungi ndoa. Mama yako ameshashona. Njoo Jumapili moja, usimame mbele, useme, "Nimekosa," urudi kundini. Ni dakika mbili. Huyo Mungu unayesema alitumia mamilioni ya miaka, mpe dakika mbili zako.

Na je, Anaeli anajua sababu?

Baba yako,
Elibariki

*

Kigamboni,
14 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua imefika ndani ya gazeti la juzi. Bwana Twaha amekunywa chai yangu, kisha akauliza kama yeye ametokana na nyani wa upande wa mama au wa baba. Nimemjibu kwamba ukoo ni mmoja, na hata mimi nimo. Akasema basi angalau tumepata udugu.

Sitakuja kusimama.

Sikuwaambia wale vijana kwamba Mungu hayupo. Ningesema hivyo, ningetubu leo hii, kwa sababu ningekuwa nimesema nisichokiamini. Nilimjibu yule binti kwamba aliyeandika Mwanzo hakuwa akifundisha kidato cha nne, kwamba Mungu hana haraka kama sisi, na kwamba miili yetu ina safari ndefu nyuma yake kuliko siku sita. Akauliza, "Kwa hiyo Jumatano ulisema kweli?" Nikamwambia, ndiyo. Basi, ni hayo tu.

Nikisimama pale mbele niseme nimekosa, yeye atakuwa benchi la tatu ananitazama. Atajifunza nini, Baba? Kwamba ukiulizwa ukweli useme, na harusi ikikaribia uukane?

Ulipokuwa unanyoosha mkono, ulikuwa unatazama wapi?

Kuhusu Anaeli, anajua nimepumzishwa kufundisha Jumapili. Nilimwambia ni kwa sababu ya kazi za shule kuwa nyingi. Yanamtosha kwa sasa. Usimwambie zaidi. Nitamwambia mwenyewe wakati wake ukifika.

Mama namwamkia. Mwambie gauni nimeliona kwenye picha, ni zuri kunizidi.

Wako,
Evelyn

*

Kariakoo,
19 Septemba 2024

Mwanangu,

Kumbe nawe unajua kufunga mlango. "Yanamtosha kwa sasa." Hilo hukulitoa chuo kikuu, hilo umelitoa kwangu.

Umeniuliza nilikuwa natazama wapi. Nilikuwa natazama feni.

Usidhani baba yako alipoishia darasa la saba akili nayo ilibaki hapo. Nimekwenda kwa muuza vitabu vya mtumba pale Msimbazi, nikamwambia nataka cha mambo yenu. Akanipa cha baiolojia, hakina jalada, na katikati kurasa zimechanwa za kufungia karanga. Nimekisoma dukani wateja wakiwa wachache. Nimefika pale samaki anapotoka majini anaangalia nchi kavu kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Nikafungua ukurasa unaofuata, nikamkuta mtu amesimama wima, ana mkuki. Nikasema, kumbe hata wenyewe hizo kurasa za katikati hawana! Twaha akasema hayo ni makosa ya muuza karanga, si ya wataalamu. Sina hakika.

Chukua zipu mkononi, Evelyn. Meno ya kushoto yanasubiri ya kulia, na katikati kuna kichwa kinachoyajua yote mawili. Uniambie zipu ilianza kama uzi, uzi ukakaa sana, siku moja ukaota meno? Huo mkono ulioshika zipu ni mgumu kuutengeneza kuliko zipu.

Lakini hayo ni ya kaunta. Nikuambie la ndani.

Babu yako alipokuwa mdogo kule mlimani, walikuwapo wazungu wenye mashamba waliosema wazi, mbele ya vibarua, kwamba sisi tuko karibu na nyani kuliko wao. Hawakuwa wanatania. Waliwapangia watu kazi, chakula na mahali pa kulala kwa kufuata neno hilo. Siku babu yako alipofundishwa kwamba mtu wa kwanza aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba mtu huyo ni baba yake yeye sawasawa na wao, hakulichukua kama somo. Alilichukua kama hati ya kihamba, ya shamba la ukoo. Alikufa ameishika.

Halafu mjukuu wake, aliyesomeshwa kwa jasho la hati hiyo, anasimama kanisani na kuirudisha dirishani.

Ndiyo maana mkono ulikwenda juu. Feni ilikuwa haina kosa.

Baba yako,
Elibariki

*

Kigamboni,
25 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Hilo la Babu hukuwahi kuniambia. Umenilea miaka yote hii kwa mithali na maduka, na jambo moja lenye uzito umelisubirisha mpaka tugombane.

Nimelala nalo. Nikuambie nilichoamka nacho. Waliomwambia Babu vile walikuwa waongo, na waliomwonyesha uongo huo kwa ushahidi ni hao hao unaowaita rafiki zangu. Wanasema watu wote wametoka huku kwetu. Babu wa babu wa yule mwenye shamba alitembea Afrika bila viatu kama babu wa babu wa kibarua wake. Hati haijarudishwa dirishani. Imesomwa upya, na jina la Babu bado limo.

Zipu haizai, Baba. Ingekuwa inazaa, na watoto wake wanatofautiana, na wateja wa Kariakoo wanachukua zile zisizokwama tu, baada ya miaka milioni moja ungekuta nini dukani? Anaeli anauza dawa za mifugo mtaa wa nyuma yako. Muulize kwa nini dawa ya kuogesha ng'ombe iliyoua kupe zamani leo kupe wanaioga. Atakuambia wale dhaifu walikufa, waliobaki ndio waliozaa. Analijua somo lote, kasoro jina lake.

Najua unachokitaka, nawe unajua nisichokiweza. Niseme hili, ulishike kama lilivyo. Kama kuna kijana yeyote niliyemkwaza kwa namna nilivyozungumza siku ile, namwomba radhi kwa moyo wangu wote. Nilikuwa mkavu, nilikuwa na haraka, ningeweza kusema kwa upole. Kwa nilichosema siombi radhi, na sitaomba.

Zungumza na Mchungaji. Yeye ni mtu wa huruma. Labda hilo la kwanza litamtosha.

Wako,
Evelyn

*

Kariakoo,
7 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa,

Mambo yamekaa sawa!

Nimezungumza na Mchungaji kama ulivyoomba. Amenielewa. Tangazo la kwanza ni Jumapili ya tarehe ishirini, kwetu na kwa akina Anaeli. Usije ukaanza kuulizauliza. Mtu akikuta mlango uliokuwa unalia umenyamaza, haendi kutafuta aliyetia mafuta bawaba.

Mama yako jana alipika akiimba, sauti ya pili, mpaka jirani akaitikia ya kwanza. Kamati imekutana. Ukumbi umepatikana. Shangazi yake Anaeli, yule anayesali kwetu, amenishika mkono mlangoni baada ya ibada akautingisha sana kuliko kawaida. Nadhani ni furaha.

Sahihisha mitihani yako, usiwe na wasiwasi.

Baba yako anayekupenda,
Elibariki

*

Kigamboni,
11 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama getini, wanafunzi wakadhani nimepewa uhamisho, jinsi nilivyocheka peke yangu.

Sikudhani Mchungaji angekubali. Kumbe nilimdharau, na wewe pia. Ahsante, Baba. Umeweza kusema neno langu kama nilivyolisema, na likapita. Hilo ndilo nililolitaka.

Sasa moyo wangu umetulia, nitamwambia Anaeli yote kabla ya tangazo la tatu. Ikiwa kanisa limenichukua hivi nilivyo, yeye atashindwaje?

Bwana Twaha anasema siku mbili hizi hutanii naye. Unaumwa?

Wako,
Evelyn

*

Kariakoo,
22 Oktoba 2024

Kwako Evelyn,

Salaam. Nimeona niandike, kwa sababu nikipiga simu nitaisikia sauti yako, na nikiisikia nitaamini chochote utakachosema.

Shangazi yangu alikuwapo kanisani kwenu Jumapili ya tarehe sita. Waliitwa waliorudi kundini. Mbele walisimama mabinti watatu, wawili wamebeba watoto mgongoni, na jina la nne likasomwa la mtu ambaye hayupo. Jina lako. Kama kawaida sababu haikutajwa. Shangazi alidhani amesikia vibaya. Jumapili iliyopita aliposikia jina hilo hilo likitangazwa pamoja na langu, alikuja nyumbani moja kwa moja hata kabla ya kula.

Uliniambia umepumzishwa kufundisha kwa sababu ya kazi. Mtu anayepumzishwa kwa sababu ya kazi harudishwi kundini.

Mama yangu anauliza mtoto wako yuko wapi. Anahisi yuko Moshi kwa bibi yako, kwa kuwa Desemba iliyopita hukutaka nikufuate huko. Mimi nilimwambia hapana. Baadaye nikagundua kwamba nimesema hapana bila kujua lolote.

Kama yupo, sema. Sikasiriki kwa mtoto. Nakasirika kwamba shangazi amejua kabla yangu.

Nimemwomba mchungaji wetu asimamishe tangazo la pili.

Ni mimi,
Anaeli

*

Kigamboni,
24 Oktoba 2024

Baba,

Nimeweka barua ya Anaeli humu ndani. Isome kwanza, kisha urudi kwangu.

Umeisoma?

Nimempigia Mchungaji. Amenipongeza. Akasema, "Baba yako alinisomea barua yako ya toba, binti, niliguswa sana." Nikamwuliza imeandikwaje. Akaikumbuka vizuri, maskini. "Kama kuna kijana yeyote niliyemkwaza, namwomba radhi kwa moyo wangu wote." Nikamwuliza iliendeleaje. Akasema hapo ndipo uliposhusha karatasi ukajifuta macho.

Ulijifuta macho, Baba. Mahali pazuri pa kukata.

Nilikuandikia ulishike neno langu kama lilivyo. Umelikata kama lastiki, kipande cha kumtosha mteja, na kilichobaki ukakirudisha shelfu. Halafu ukaniacha nikushukuru kwa maandishi, na wewe ukanyamaza.

Sina neno na wale mabinti watatu. Wao walisimama kwa miguu yao, kila mmoja akijua kwa nini. Mimi nimetubu nikiwa Kigamboni nasahihisha madaftari, dhambi sijatajiwa, na sasa usharika mzima umenichagulia moja.

Unajua nimejaribu kumwandikia Anaeli mara ngapi? Kila nikianza, nagundua kwamba ili niikane dhambi nisiyoitenda lazima nimweleze ile niliyomficha. Umenifungia pande zote mbili. Na upande mmoja, nakiri, nilikuwa nimeshaufunga mwenyewe.

Evelyn

*

Kariakoo,
28 Oktoba 2024

Mwanangu,

Nilisema moyoni, ni jina tu. Usharika wetu una huruma hiyo, kwamba hausomi sababu. Nilidhani jina lako litapita katikati ya mengine kama bidhaa ndogo katika mzigo mkubwa, hakuna wa kulifungua. Nilichosahau ni kwamba pale pasipotajwa sababu watu wanayo moja tayari, wameipiga pasi, wanasubiri wa kumvika.

Umesema nimekata. Ni kweli nimekata. Lakini sikukata kwa kujifurahisha. Nimekaa barazani muda mrefu, Evelyn, nimeona nini kinasamehewa. Mlevi anasamehewa, akirudia anasamehewa tena, na wengine wanamkumbuka kwa utani wake. Aliyezaa kabla ya ndoa, mwaka haupiti, mtoto anabatizwa na waliomsema wanagombania kumbeba. Lakini sijaona hata mara moja mtu aliyerudishwa kundini kwa kosa la kuwaza. Hilo halina Jumapili yake. Nilipokuona umesimama huko peke yako nilikutafutia mlango ulio wazi, na ulio wazi ni ule.

Sasa nisikilize, maana bado kuna njia. Nyamaza. Usimwambie Anaeli lolote. Watatafuta mtoto, hawatampata, watachoka. Mtoto asiyekuwapo hawezi kukaa mdomoni mwa watu muda mrefu. Ukiwapa hili la nyani, hilo lipo, litakaa.

Twaha amesoma uso wangu tu, akaniletea kahawa bila kusema neno. Imenitisha kuliko barua yako.

Baba yako

*

Kigamboni,
31 Oktoba 2024

Baba,

Simama wewe.

Ulinitaka nisimame dakika mbili nikakataa. Sasa ni zamu yako, na wewe una kiti mbele, huna hata mbali pa kutembea. Jumapili yoyote kabla Novemba haijafika katikati, ibada ikiwa imejaa, uwaambie binti yako aliwekwa nje kwa sababu gani. Usinitetee. Usinukuu barua yangu, tafadhali. Taja sababu, ukae.

Nitamwomba Anaeli awepo. Sitamwambia kwa nini. Nataka aisikie kwako, kwa sababu mimi nimeshamdanganya mara moja, na mdomo uliodanganya haufai kubeba habari hii.

Najua watakuvua uzee wa kanisa. Mimi wamenivua zaidi.

Evelyn

*

Ilala,
11 Novemba 2024

Mwanangu Eve,

Mimi mama yako Matilda, si mwandishi, baba yako ndiye anayejua kupamba. Lakini tangu jana amekaa chumbani anatazama ukuta, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Amesimama. Nataka ujue hilo kwanza.

Alivaa lile koti la kijivu. Matangazo yalipoisha akaenda mbele bila kuitwa, Mchungaji akadhani ni tangazo la ujenzi akampa kipaza sauti. Baba yako akasema, "Binti yangu Evelyn hajazaa. Hana mtoto popote. Tulimweka nje kwa sababu aliwaambia vijana kwamba Mungu alituumba polepole, kwa kupitia viumbe vingine, miaka mingi. Hakutubu. Mimi ndiye niliyemtubia, kwa nusu ya barua. Mkono wangu ulikuwapo alipowekwa nje, na mdomo wangu ulikuwapo aliporudishwa, yeye hakuwapo popote." Akarudisha kipaza sauti akakaa.

Eve, palikuwa kimya. Nikasema ahsante Yesu, wamesikia. Kisha nyuma kule mtu akacheka. Mmoja tu, kama anayekohoa. Halafu benchi lile lote. Halafu shangazi wa Anaeli akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kila mtu akamsikia, "Mzee Elibariki bwana! Kwa akili hizo, hata mtoto akitembea humu ndani atatuambia ni kiti."

Hawakuamini. Hata wale wazee wa baraza, waliokuwapo, wanaojua! Walitazama chini. Nikamsogelea mmoja nje, nikamwuliza, si ulikuwapo? Akaniambia, "Mama Eve, ndilo tuliloambiwa barazani. Nani ajuaye kilichokuwa nyuma yake?" Yaani wameanza kuamini kwamba hata baraza lilidanganywa, nyani waliletwa tangu mwanzo kufunika mimba.

Wanawake wamenizunguka, wananishika mikono. "Pole, usione haya, hata wa kwangu alizaa akiwa shule." Mama mmoja amenifuata mpaka nyumbani kwangu na mfuko wa nguo za mtoto, anasema zimembana mjukuu wake. Ninazo hapa. Nilishindwa kuzirudisha, alikuwa analia kwa kunihurumia.

Jioni Mchungaji akaja. Amemwambia baba yako apumzike uzee wa kanisa. Baba yako akauliza, "Kwa kulitetea lile la Evelyn?" Mchungaji akasema hapana, kwa kusema uongo mbele ya madhabahu.

Anaeli alikuwapo, karibu na nguzo, na mama yake. Yeye hakucheka. Alimtazama baba yako tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Wakati wa kutoka akanisalimia vizuri, shikamoo mama, macho yamelowa. Mwanangu, nafikiri yeye ameamini. Alisema Jumamosi anakuja kwako. Nimefunga kula tangu asubuhi kwa ajili ya hiyo Jumamosi.

Mama yako,
Matilda

*

Kigamboni,
17 Novemba 2024

Baba na Mama, shikamooni.

Mama, kula.

Anaeli alikuja jana. Umeona sawasawa, aliamini kila neno. Alikaa pale kwenye kiti cha mlangoni, hata juisi hakunywa, akasema, "Baba yako hawezi kutunga kitu kama kile. Mtu anayetunga hutunga kinachofanana na kweli."

Nikadhani tumefika. Nilitaka kuinuka nimshike mkono.

Akauliza, "Kwa hiyo ndivyo unavyoamini? Si kufundisha tu. Wewe mwenyewe, ndani?" Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza kuhusu Mungu asiye na haraka, na kuhusu Babu, na hata wale kupe wake. Hapo kwenye kupe akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, kisha akaacha kukitikisa.

Akaniambia alikuwa ameshazungumza na mama yake. Wiki nzima kabla ya ile Jumapili walikuwa wameshapanga. Kama mtoto yupo, harusi ingeendelea kimya kimya, wangemchukua wakae naye. Mama yake alikuwa ameshaanza kumzoea. Alikuwa ameuliza kama ni wa kike, apewe jina lake.

"Mtoto ningemlea, Evelyn," akasema. "Hili nitalileaje? Watoto wetu watakuuliza, na wewe utawajibu."

Na ni kweli. Ningewajibu.

Baba, sikulaumu kwa kusimama. Mimi ndiye niliyekusimamisha. Uliusema ukweli wote, ukakaa, na katika kanisa zima mtu mmoja tu alikuamini. Nimemsindikiza mpaka kivukoni.

Mwana wenu,
Evelyn